Aliyekwisha Kuanza

Nilizaliwa robo saa nyuma ya Bukuru,
ndiyo maana naitwa Butoyi, mdogo,
na robo saa hiyo nimeilipia miaka thelathini na minne:
yeye kwanza kunawa, yeye kwanza kuketi,
firigisi yake, shingo yangu.

Jumamosi karudi kutoka Uvinza,
chumvi imeganda kwenye mishono ya viatu,
akanikuta Mwanga, nyuma ya duka la fotokopi la Zegeli,
nakoroma na macho wazi.
"Unaumwa?"
"Nasoma Kiklingoni."
Akatazama feni, akatazama daftari.
"Kabila la wapi hilo?"
Nikamwonyesha juu, kwenye bati,
pale penye tundu la kuvuja.
"Mbali kupita Kongo?"
"Mbali kupita Kongo."
Akavuta stuli. "Basi niandike."

Hapo kalamu ikanigomea.
Daftari lina safu mbili,
walioanza jana na waliozama zamani,
na tangu masika nazitafutia vichwa.
Limbukeni ni tusi, la aliyenunua redio leo akalala nayo.
Mwanagenzi ni zuri, linanukia randa na mbao,
ila ni letu; nilitaka la kwao.
Upande wa pili, mkongwe? Sina mvi.
Gwiji? Zegeli angecheka hadi mashine ikwame karatasi.
Mgeni na mwenyeji ndiyo kabisa:
nani mwenyeji wa lugha isiyo na kijiji,
isiyo na bibi wa kumwuliza,
ambayo hakuna aliyewahi kuililia maiti?

Nikafungua kamusi,
kurasa tulizochapa kwa wino uliokuwa unakata roho.
Kuanza: tagh.
Gha ya ghali, iliyonyimwa irabu,
ikabaki kooni kama mwiba wa mgebuka.
Kwetu mtu hutangulia, kazi ikamfuata:
mpishi, mvuvi, mwashi.
Wao hutanguliza kazi, mtu akaja mkiani:
taghwI'. Mwenye kuanza.
Na mkia huohuo huvishwa mashine,
feni ya Zegeli nami ngeli moja.
Bukuru akalipenda hilo.
"Hata Uvinza," akasema,
"mimi na pampu tuliandikwa mstari mmoja."

"Haya, sema tagh."
Akasema.
Mara ya kwanza, bila kukohoa,
kama mtu aliyelimeza kitambo
kwenye moshi wa majiko ya chumvi.
Mimi lilinichukua miezi saba.

Neno langu nilikuwa nalo tayari, sitaficha:
po'wI', stadi.
Nimelizoeza mbele ya kioo, mswaki mdomoni.
Leo robo saa ingegeuzwa.
Mkono ulishafika safu ya pili
alipoweka kidole kwenye ukurasa.
"Na hiki kialama kinachoning'inia?"
"Ni herufi. Ni pumzi unaikata."
"Inakatwa kwa nini?"

Miaka mitatu. Sikuwahi kuuliza.

Zegeli akazima mashine, akatusogelea na chai yake.
Nikalifuta stadi kabla hajalisoma,
nikarudi kwenye tagh,
katikati nikapachika kisilabi, pu',
kile kisemacho jambo limeshafanyika:
taghwI', aanzaye;
taghpu'wI', aliyekwisha kuanza.
Mzizi mmoja, tumbo moja.
Yatamke kwa haraka,
tofauti yake haitimizi sekunde,
sembuse robo saa.

Bukuru akanyakua kalamu,
akaandika jina lake kwanza, kama kawaida,
kwenye safu ya pili.
"Umekosea," nikamwambia.
"Nimekosea nini? Nilianza," akasema,
"wewe ukiwa bado unafunua kurasa."