Bei ya Tavaris

Siku ya nne, kiwanda cha mikate kikampa mwingine aproni yake.
Ya kumi na moja, mwenye nyumba akabadili kitasa.
Verlene, dadake, akauza mashine ya kufulia:
dola mia tano bado hazikutimia.

Hakimu hakusema Tavaris ni mwizi.
Alitaja bei tu, kama muuza nyama,
akaita faili linalofuata.

Siku ya arobaini na mbili kesi ikafutwa.
Wakamrudishia mkanda, na simu iliyozima.

Kaunti jirani, hapa hapa Ohio,
mahakama humwandikia mshtakiwa:
Kesho saa tatu asubuhi. Huna nauli? Piga namba hii.
Nao huja,
wengine na sare za kazini.

Verlene anafua kwa mkono,
theluji ikijaa dirishani.
Shati la siku ya kesi
halijakauka.