Marufuku Kusinzia

Boden, saa tisa usiku. Nje theluji imekaza kama saruji.
Ingegerd anaizima mashine ya kumi na nne,
anaiwasha, anaiwahi kwa kidole
kabla haijakumbuka kazi yake.

Skrini ya buluu. Ukurasa wa umeme.
Kiwandani waliiandikia: *kwa kiasi*.
Ikikosa kazi ijikunyate, ishushe mapigo,
kama paka kwenye kiti cha mgeni.

Lakini watabiri wa dhoruba wamechoka kungoja.
Kuamka kwake huchukua chembe ya sekunde,
chembe tu, naam,
ila haba na haba, wajua hujaza nini.

Usingizi mwepesi: zima.
Usingizi mzito: zima.
Nguvu: upeo.
Uhifadhi? Ndiyo.

Feni zinapaza sauti safu nzima.
Ingegerd anapiga mwayo mrefu;
yeye hana ukurasa wa kuzimia huo.

Na joto linashika bomba, linapita chini ya barabara
hadi bwawa la kuogelea la mtaa,
ambako alfajiri mama yake, Gunvor,
atatumbukiza kidole cha mguu,
atashtuka:
"Leo nani kachochea?"