Kidole cha Shahada

Ndege ya saa kumi ilipita juu ya Kibokoni
chini kabisa, mpaka madebe ya maua yakatikisika,
na watoto wote wa kichochoro wakanyoosha vidole:
ile! ile! ile!
Hata Mishi, ambaye hajatimiza mwaka na nusu,
aliyekalishwa karaini akiogeshwa,
akatoa kidole chenye povu akakielekeza juu.

Zuhra hakunyoosha.
Alikuwa ameziba masikio kwa viganja
akiitazama kamba ya nguo
ambayo mtikisiko ulikuwa bado haujaiacha.

Zuhra wa dada yangu. Miaka miwili na miezi saba.
"Mtulivu huyu, mashaallah," husema majirani.
"Wa kike awe hivi. Hasumbui."
Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti, Idi iliyopita.

Mpe vibanio vya nguo:
atavipanga ukingoni mwa baraza,
cha mbao, cha plastiki, cha mbao,
na ukisogeza kimoja upana wa ukucha
utasikia kilio ambacho hujapata kusikia.
Mwite kwa jina, umeuita ukuta.
Lakini menya peremende vyumba vitatu mbali,
huyo, anakuja mbio kwa ncha za vidole vya miguu.
Basi masikio ni mazima. Hilo nililishika kwanza.

Na akitaka kopo la biskuti
haniangalii. Huushika mkono wangu kwenye kifundo
akauweka juu ya kifuniko
kama mtu aliyetungua ufunguo msumarini.
Mimi, nyuma ya mkono huo, sipo.

Alikuwa akisema "maji".
Sote tulimsikia. "Maji", na "toka", na "bibi".
Kisha Shaabani ikapita, ikapita Ramadhani,
maneno yakaondoka moja moja
kama wageni wasioaga.

Nasomesha chekechea Tudor, mwaka wa tisa huu.
Nilipelekwa semina ya siku mbili, nikapewa chai na cheti
na karatasi yenye vijisanduku.
Usiku nilivitia alama kwa penseli,
ili niweze kufuta.

Mama ana maelezo yake: babake naye alichelewa kusema;
ni jicho; ni simu hiyo mnayompa.
Kombe likaandikwa kwa zafarani. Zuhra alilinywa,
akabaki kuitazama rangi sahanini.
Sikupinga. Kombe na kliniki havigombani.

Ila nilimkumbuka Ami Shee,
aliyekula wali mweupe maisha yake yote,
mchuzi bakuli mbali, usiguse wali;
aliyejua bei ya mafuta ya taa
ya kila mwezi tangu mwaka wa sitini na nane;
na siku za harusi akijifungia chooni
mpaka ngoma zinyamaze.
Tulimwita Bwana Taratibu. Tulicheka sana.
Alikufa bila mtu kumuuliza
kelele inamuuma wapi.

Ijumaa nilikwenda, maneno nimeyapanga mstari
kama vibanio.
Munira alikuwa akichuja nazi.
Nikaanza na joto. Nikaingia bei ya unga.
Nikasema, "Munira, Zuhra..."
Hakuacha kukamua kifumbu.
"Ile ndege," akasema. "Kila siku saa kumi namtoa uani.
Nangoja aonyeshe.
Mwezi wa nne huu."
Tui likamtiririka hadi viwikoni, asipanguse.
"Lina jina?"
"Lina. Usonji."
Akalirudia polepole, kama anaonja chumvi.
Hakulia. Aliuliza hospitali kuu foleni huanza saa ngapi,
na kama mtoto lazima awe amekula.

Zuhra akaingia kwa ncha za vidole,
akaushika mkono wangu, akauweka juu ya kopo.
Nikafungua.
Mara hii sikuuondoa. Niliuacha pale, hewani,
uwe wake muda autakao.
Akaleta kibanio cha mbao,
akakibana kwenye kidole changu cha shahada,
akakitazama,
kidole tu,
kwa muda mrefu.