Nukta na Mdudu

Usiku wa manane, Kitangiri. Dirisha liko wazi kwa ajili ya joto
na vijidudu vya ziwani vimeingia bila hodi,
vimetua kwenye skrini.
Nafuta nukta kwa kidole. Inaruka.
Nafuta ya pili. Haitoki: hiyo ni yangu.

Nafungasha maktaba ya kuchanganua maandishi,
niiweke ghalani, mahali ambapo mtu yeyote
ataichukua kwa amri ya mstari mmoja.
Kazi yenyewe ya karani tu: jina, toleo, leseni,
vitegemezi vinne,
na ule mkufu wa herufi na tarakimu unaoapa
kwamba kilichotoka kwa mwenyewe ndicho kilichofika,
hakikuchakachuliwa njiani.

Kuchanganua nilifunzwa na mwalimu Nyamizi, kidato cha pili.
Alichora miti iliyopinduka, shina juu, matawi chini,
akalishika neno *hawajatupimia*
akalikata ha, wa, ja, tu, pim, i, a,
kama anayepasua sato asiguse nyongo.
Tulicheka. Nani alijua
mti ule ungekuja kunilia umeme?

Majaribio mia mbili na kumi yamepita.
Moja limegoma.
Ni lile nililoongeza mwenyewe, kutoka daftari la Masalu,
karani wa mizani pale mwaloni, Kirumba:
*Sato kilo 40, saa 2, Bugumba bado hajalipa.*
Maktaba imesoma saa nane ya usiku.
Saa hiyo Masalu anakoroma,
sato wangali majini,
na deni la Bugumba halijazaliwa.

Walioiandika siwalaumu.
Kwao siku huanzia gizani.
Kwetu sisi saa ya kwanza
haihesabiwi mpaka jua liwe limeshatoka.

Basi nashona kiraka. Mistari sita,
sita kama zile saa zenyewe tunazopishana.
Mita ya luku inalia ukutani, pimbi wanaijibu kutoka mwambani,
nami natuma kabla giza halijanitangulia.

Asubuhi, saa mbili, saa mbili yetu,
jibu la mtunza ghala limefika. Simjui, hanijui.
Kiraka amekipenda. Ila anauliza:
mstari wa tisa, ile nukta ya mwisho,
ina kazi gani?

Sijibu upesi.
Kwanza naigusa kwa kidole.

Hairuki.