Namba Hasi

Miaka tisa nilifundisha namba hasi kule Ahero,
chaki mkononi, jasho likinitiririka kwapani.
Nilichora mstari, nikaweka sifuri katikati,
nikawaambia watoto: kushoto kwa sifuri kuna namba pia.
Wakaniamini. Mimi mwenyewe niliamini nusu.

Kisha barua ya uhamisho: Molo.
Mama akakata vijiti vitatu vya haibiskasi
kwenye ua wake, ule anaoanikia shuka,
akavitia katika kopo la Kimbo lenye udongo mweusi wa Kano.
Usiende kukaa, akasema, mahali pasipo na chekundu.

Viwili vilikauka njiani.
Cha tatu nilikipanda chini mteremkoni, karibu na uzio,
nipate kukiona dirishani nikisahihisha madaftari.
Hakuna aliyeniambia kwamba baridi ni nzito,
kwamba usiku hutambaa kama maji kutoka msituni,
huvuka mashamba ya viazi bila kishindo
ikitafuta bonde la kulala.
Nilikuwa nimepanda ua kitandani mwake.

Januari. Mawingu yaliondoka jioni,
upepo ukanyamaza kama darasa mwalimu mkuu akipita.
Nikatoka nje kuzisifu nyota.
Mjinga mimi, nilizisifu.

Asubuhi nyasi zilikuwa zimemwagiwa chumvi.
Sakitu: neno nililolijua kwenye kamusi tu.
Kila jani lilisimama gumu, ukingo mweupe,
zuri kuliko siku zote; nikakimbilia simu nilipige picha.
Kufikia saa nne, jua lilipoyashika,
majani yalilegea, yakawa rangi ya sukuma iliyosahauliwa motoni.
Nilihesabu, maana ndicho ninachokijua:
majani mia moja na kumi na tisa,
vichipukizi sita,
tumba moja lililokaribia kufumbuka.
Yote kushoto kwa sifuri.

Nikatafuta panga.
Tabutany, anayeniletea maziwa, akatua debe lake.
"Kimepigwa usiku, sasa wewe unataka kukimalizia mchana?"
Matawi yaliyokufa yaache, alisema, ndiyo blanketi ya yaliyobaki.
Akakwaruza gome kwa ukucha wa gumba:
juu, kahawia. Katikati, kahawia.
Chini hakukwaruza.
Akasema maziwa yamepanda, ni shilingi sitini sasa,
na kwamba ana magunia ya viazi yasiyo na kazi.

Basi jua likiwa bado kali nililowesha shina,
jioni nikakivika gunia, asubuhi nikakivua,
kama mtu anayemuuguza baba mkwe
asiyempenda sana, ila majirani wanaangalia.

Jumapili Mama hupiga simu.
Ua langu?
Linaendelea.
Limechanua?
Bado. Limelala.
Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku wake, na redio.
"Maua yetu hayajui kulala," akasema.
"Labda umelifundisha wewe."

Februari, fimbo. Machi, fimbo.
Kidato cha kwanza wakaniuliza kwa nini
hasi ikizidishwa kwa hasi huzaa chanya.
Niliwapa jibu la kitabuni.
Msichana mmoja nyuma, Chemutai, hakuandika chochote,
alinitazama tu, na sikumlaumu.

Mvua ilikuja usiku, ya mabati, ya kuamsha nyumba nzima.
Asubuhi nilipiga magoti matopeni
nikakwaruza pale ambapo Tabutany hakukwaruza,
kidole kimoja juu ya udongo:
kijani. Kijani kibichi cha ngozi ya ndizi changa.
Na pembeni, si kwenye tawi lolote nililolifunika,
bali kutoka chini kabisa, gizani kwa mizizi,
kitu kama sikio la panya kilikuwa kimetoka kusikiliza.

Jumapili ile sikungoja kuulizwa.
Mama, nikasema, liliungua na baridi. Tangu Januari.
"Najua," akasema. "Haibiskasi isiyolalamikiwa
kwamba inaziba njia, hiyo haipo."
Kisha: "Majani mangapi?"

Nilichuchumaa, simu sikioni, nikahesabu mara mbili,
mkono wa pili umeshika gunia,
maana juu ya msitu
mawingu yalikuwa yameanza kuondoka.