Vifuniko Vitatu vya Asetoni

Nilidhani ni Anyait, binti anayenisaidia saluni,
anayepunguza chupa ya kuondolea rangi ya kucha.
Nikamnunia siku mbili.
Siku ya tatu nikamkuta mwizi nyuma ya jiko,
amechuchumaa, miwani puani,
anapima kwa kifuniko kama mganga wa zahanati:
mume wangu Eriaku, mlinzi wa kituo cha petroli
pale Soroti, barabara ya kwenda Moroto.

"Hamisha sigiri," akasema bila kugeuka.
"Hii ikinusa moto haina adabu."

Kampuni yao, jamani, ina kikopo chake cha kusafishia bunduki,
kidogo kama chupa ya dawa ya macho,
shilingi elfu ishirini na mbili, zinakatwa kwenye mshahara
ambao hata ukifika
umeshapita mikononi mwa kila mwenye mkasi.

Basi yeye anapika chake.
Mafuta ya taa, kipimo.
Mafuta mekundu ya giaboksi, kipimo,
yaliyobaki kwa Opolot fundi alipohudumia lori la mkaa.
Thina ya wapaka rangi, kipimo.
Na asetoni, kutoka kwenye riziki yangu,
vifuniko vitatu.

Mara ya kwanza alichanganyia kwenye kikombe cha yogati.
Kikombe kikalainika, kikainama kama mlevi,
kikamtapikia kiatu cha kazi.
Sasa ni chupa ya kioo, ya waragi.
Amuge wetu ameiandika SUMU kwa kalamu nyekundu
na kuchora fuvu,
ila fuvu lenyewe linacheka.

Nzuri, nakiri. Ukiinyanyua juani
utadhani sharubati ya rozela.
Akaikata sare ya zamani ya Amuge
vipande vidogo, sawa na stempu,
akavipanga kwenye kopo la chai
pamoja na ufito wake na mswaki uliochakaa.

Mimi bunduki siipendi.
Nilizaliwa upande wa Katakwi,
miaka ile ng'ombe walipoondoka wote usiku mmoja.
Bibi alitulaza kwenye mihogo,
kiganja chake kinywani mwangu, kina chumvi.
Zile bunduki hakuna aliyezisugua.
Zilikuwa na kutu, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na zilisema, zikasikika.

Nikamwuliza: ya nini kumwogesha
mtu unayeomba asiamke?

Akafikiri. Eriaku hufikiri polepole,
kama anayehesabu chenji gizani.
"Miaka tisa sijaifyatua," akasema.
"Lakini chafu hukwama, au hujiamulia.
Na mbele yangu pale kuna pampu nne
na yule mama wa njugu."
Akakaza kifuniko. Akaenda zamu.

Mwezi uliopita mkaguzi alikuja kutoka Mbale,
shati limepigwa pasi mpaka linakata.
Akauelekeza mtutu mtupu kwenye jua, akaweka jicho,
akapiga mluzi.
"Unatumia dawa yetu?"
Eriaku, kwa woga tu, akasema: "Naam, afande."

Mwisho wa mwezi wakamkata elfu ishirini na mbili.
Kikopo chenyewe hakikuletwa.

Nilicheka hadi mteja wangu, nusu kichwa kimesukwa,
akaomba nikae chini kwanza.
Kisha nikaacha kucheka.

Hurudi alfajiri ananuka taa na gereji,
huniamsha kwa harufu kabla ya mlango.
Kucha zake, za mtu wa mtarimbo na mafuta,
siku hizi ni safi kuliko za wateja wangu.

Daftari la saluni ninalo hapa:
Mama Apio, kusuka, nusu.
Eriaku, asetoni, vifuniko vitatu, hajalipa.
Eriaku, vifuniko vitatu.
Eriaku, vitatu.

Jumamosi nimenunua chupa kubwa.
Nimeiweka rafu ya katikati, karibu na mlango,
mwizi asilazimike kuinama sana.
Mgongo unamsumbua.