Kiambaza

Mkasi uliniponyoka Jumanne,
mkono wa kulia ukanisusa
dakika kumi tu,
Mtaa wa Swahili, gauni la bibi harusi mezani.

Upanga, chumba cha giza,
jeli ya baridi kifuani.
Daktari Rwechungura akaninyooshea kidole kwenye kioo:
“Kiambaza hiki, kati ya vyumba viwili vya juu,
kimelegea. Kinafura, kinarudi.
Na hapa pana upenyo.
Donge dogo la damu, kama punje ya ulezi,
huenda lilipenya hapa, likapanda kichwani.”

Miaka arobaini na mmoja
dirisha hilo wazi,
nami nikimzaa Zamda, nikikimbia mvua.

“Kinashoneka?”
“Kina kiraka chake. Hupitishwa kwenye mshipa wa paja.”

Nikatazama kitambaa kile kikipepea.
Gauni la watu linadaiwa Ijumaa.